Fundi Ajuaye Kutupa

Mwezi Julai, mahindi yakishakauka na baridi ya asubuhi ikibana uwanda mzima wa Ufipa, mkulima wa Kaengesa huuza magunia yake na kulipwa kwa simu. Ujumbe unaingia, salio linapanda, muuzaji na mnunuzi wanaagana. Katika sekunde hizo chache swali na jibu vimekata nchi: kutoka mnarani hadi Sumbawanga mjini, kisha kwenye nyuzi za kioo za mkongo wa mawasiliano, hadi kwenye vyumba vya seva vilivyo mamia ya kilomita kutoka hapo. Huko programu moja imeuliza huyu ni nani, ya pili imesoma salio, ya tatu imeandika muamala, ya nne imetuma ujumbe. Zote zimesemezana, na zimetakiwa kusemezana kwa siri.

Siri hiyo ina mafundi wake. Nataka kuwazungumzia wachache kati yao, wale wanaotengeneza ufunguo wa siri kwa chembe za mwanga, na namna ufunguo huo unavyoweza kufikishwa kwa programu zinazoishi ndani ya makontena. Nimeusoma ufundi huu kwa muda mrefu, na kadiri ninavyousoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba ukubwa wake uko katika yale ambayo fundi anakubali kuyatupa.

Tuanze na kontena, maana ndilo linalolindwa. Kontena la programu ni kifurushi chenye programu yenyewe pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi: maktaba zake, mipangilio yake, faili zake. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi wa seva, ndiyo inayolizungushia ukuta. Sehemu moja ya kerneli huamua kontena lione nini: michakato ipi, mtandao upi, faili zipi. Sehemu nyingine, iliyoingia kwenye Linux mwaka 2008, huamua litumie kiasi gani cha kumbukumbu na cha nguvu ya kichakata. Vipande hivyo vilikuwapo tayari, lakini wachache waliweza kuviunganisha. Docker, iliyotolewa mwaka 2013, iliviweka mkononi mwa kila mwandishi wa programu, na mwaka uliofuata Google ikatoa Kubernetes, msimamizi wa makontena mengi kwa pamoja.

Tabia ya kontena inayonivutia kuliko zote ni kwamba limeumbwa litupwe. Kontena likiugua halitibiwi. Kubernetes hulizima na kuwasha jingine kutoka kwenye kiolezo kilekile, pengine kwenye seva nyingine, pengine katika mji mwingine. Wakati wa mavuno makontena ya malipo huongezwa, usiku wa manane hupunguzwa. Mengine huishi siku kadhaa, mengine dakika chache. Kila linalozaliwa linapaswa kuanza mazungumzo ya siri na mengine ambayo halijawahi kukutana nayo.

Hapo ndipo penye kazi. Kubernetes ikiachwa kama ilivyo, maneno yanayopita kati ya makontena hayasimbwi. Msimamizi wa mfumo ndiye anayeongeza usimbaji, na usimbaji unadai pande mbili ziwe na ufunguo mmoja, kwa kawaida namba ya biti 256 ambayo mtu wa tatu haijui. Tangu mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipochapisha njia yao, dunia imekuwa ikikubaliana funguo hadharani kwa kutegemea ugumu wa hesabu: kwenda mbele ni rahisi, kurudi nyuma kunachukua miaka isiyohesabika. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu, inayofanya kazi kwa sheria za chembe ndogo kabisa, ikiwa na uwezo wa kutosha ingerudi nyuma kwa urahisi. Kompyuta ya kiwango hicho haijajengwa, lakini mwizi mvumilivu haihitaji leo. Anaweza kurekodi leo mawasiliano yaliyosimbwa, akayahifadhi, akayafungua siku chombo hicho kitakapopatikana. Muamala wa gunia la mahindi hautakuwa na maana siku hiyo. Jalada la mgonjwa au kumbukumbu ya umiliki wa shamba bado vitakuwa na maana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na wajibu wa kutunza taarifa za mtu haukomi siku zilipopita kwenye waya.

Njia nyingine ya kupata ufunguo ilianza na kijana aliyepuuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Stephen Wiesner, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, aliandika kwamba sheria za chembe ndogo kabisa zingeweza kutumika kutengeneza noti ya fedha isiyoweza kughushiwa. Makala yake ilikataliwa, ikaja kuchapishwa mwaka 1983. Lakini alikuwa amemweleza rafiki yake Charles Bennett. Mwaka 1979, kwenye mkutano wa wanasayansi wa kompyuta huko Puerto Rico, Bennett aliogelea hadi alipokuwa Gilles Brassard, mtu ambaye hawakuwa wakifahamiana naye, akaanza kumsimulia habari za noti hiyo humohumo baharini. Miaka mitano baadaye, katika mkutano uliofanyika Bangalore nchini India, wawili hao walitoa utaratibu unaoitwa hadi leo kwa herufi za majina yao na mwaka wake: BB84.

Utaratibu wenyewe unastahili kufuatwa taratibu. Mwanga una chembe, na chembe moja ya mwanga huitwa fotoni. Wimbi la fotoni hutikisika kwa mwelekeo fulani, na mtumaji anaweza kuuchagua mwelekeo huo. Ana seti mbili za kuchagulia. Katika seti ya kwanza, wima ni sifuri na mlalo ni moja. Katika seti ya pili, mshazari wa kulia ni sifuri na mshazari wa kushoto ni moja. Kwa kila fotoni mtumaji anaamua kwa nasibu mambo mawili: biti gani, na seti gani ya kuibebea. Mpokeaji hajui seti iliyotumika, kwa hiyo naye anachagua kwa nasibu seti ya kupimia. Wakilingana, anapata biti ileile. Wasipolingana, jibu lake ni la bahati tupu, nusu kwa nusu, na mwelekeo wa awali wa fotoni umekwisha kupotea.

Mdukuzi akikaa katikati ya njia ana shida ileile ya mpokeaji, na hana wa kumuuliza. Hawezi kunakili fotoni ili abaki na moja na kupitisha nyingine, kwa sababu maumbile yamekataza: William Wootters na Wojciech Zurek, na Dennis Dieks kwa upande wake, walithibitisha mwaka 1982 kwamba hali ya kwantamu isiyojulikana hainakiliki. Anachoweza ni kupima na kutuma fotoni mpya. Nusu ya mara atakisia seti isiyo sahihi, na nusu ya mara hizo mpokeaji, hata akiwa na seti ileile ya mtumaji, atapata biti iliyogeuka. Kwa hiyo mdukuzi anayegusa kila fotoni anaacha kosa moja katika kila biti nne, na hakuna ustadi wa kulifuta. Mtumaji na mpokeaji wakilinganisha biti 40 tu walizokubaliana kuzitoa mhanga, uwezekano wa mdukuzi huyo kupita bila kuacha alama hata moja ni kama mara moja katika laki moja.

Baada ya fotoni kufika, mtumaji na mpokeaji wana orodha mbili ndefu zisizofanana. Huo ni ufunguo ghafi, na haufai kwa lolote. Kazi iliyobaki ni ya kusafisha, na Ufipa inaijua vizuri kazi ya namna hiyo. Kabla ya majembe ya dukani, chuma cha uwanda huu kilitoka kwenye malungu, matanuru ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameandika kwa kina juu ya uhunzi wa Ufipa na mabaki ya matanuru hayo. Kilichotoka kwenye tanuru kubwa kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, likachomwa tena kwa mivukuto, ndipo mhunzi akalipiga nyundo mpaka uchafu uliosalia ukatoka. Kila hatua ilipunguza uzito wa mzigo, na fundi hakuhuzunika, kwa sababu alichokuwa akikipunguza ndicho ambacho kingelivunja jembe shambani.

Ufunguo nao una matanuru yake. Hatua ya kwanza ni kuchekecha. Mtumaji na mpokeaji hutangaziana hadharani seti walizotumia, bila kutaja biti. Kila mahali ambapo seti hazikulingana hutupwa. Karibu nusu ya mavuno inaondoka hapo.

Hatua ya pili ni kupima makosa kwa kufichua sehemu ya biti zilizobaki. Biti zilizofichuliwa nazo hutupwa, kwa sababu zimeshasikika. Makosa huwapo hata bila mdukuzi: kioo kina kasoro, vigunduzi vya fotoni huchanganyikiwa, joto hubadilika. Fundi hakubali udhuru huo. Kila kosa huhesabiwa kuwa kazi ya mdukuzi, hata kama anajua kwa hakika kwamba ni kasoro ya chombo chake mwenyewe. Makosa yakizidi takriban asilimia 11 katika utaratibu huu wa kawaida, kundi zima la biti hutupwa na kazi huanza upya.

Hatua ya tatu ni kusahihisha. Pande mbili hugawa biti zao katika mafungu na kuulizana kwa kila fungu: jumla ya moja zilizomo ni shufwa au witiri? Majibu yakitofautiana, fungu linakatwa vipande viwili, swali linaulizwa tena, mpaka biti iliyogeuka ipatikane na kurekebishwa. Brassard na Louis Salvail waliupanga utaratibu huo kwa umakini mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiasi kwamba kosa likigunduliwa katika fungu moja hufichua makosa yaliyojificha katika mafungu yaliyopita. Lakini kila swali la shufwa na witiri huulizwa hadharani, na kila jibu humpa mdukuzi punje ya habari. Fundi anaandika punje hizo zote katika hesabu yake ya deni.

Hatua ya nne ndiyo inayonifanya nivue kofia. Pande mbili sasa zina ufunguo unaofanana, lakini mdukuzi huenda anajua sehemu yake. Haijulikani ni sehemu ipi. Kinachojulikana ni kwamba haizidi kiasi fulani. Suluhisho ni kuufupisha ufunguo kwa hesabu ya kuchanganya. Chukua biti tatu, ambazo mdukuzi anajua mbili. Uliza kama jumla yake ni shufwa au witiri, kisha jibu hilo liwe biti moja mpya. Mdukuzi, pamoja na kujua theluthi mbili ya malighafi, hajui chochote juu ya biti hiyo mpya. Bennett, Brassard na Jean-Marc Robert walionyesha mwaka 1988 kwamba kazi hii inaweza kufanywa kwa ufunguo mzima, na ikapimwa kwa usahihi: ukijua kiwango cha juu cha anachokijua adui, unajua ni biti ngapi za kukata ili ujuzi wake ukaribie sifuri kadiri upendavyo. Siri inakolezwa kwa kupunguzwa.

Mafundi wa malungu walizilinda dawa za tanuru na miiko yake, na maarifa yao yakabaki kwa wachache. Mafundi wa kwantamu hutangaza kila kitu: utaratibu, seti zilizotumika, maswali ya kusahihisha, hata kanuni ya kuchanganya. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo mzuri wa siri ni ule unaobaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo haukuanguka nao. Sijaona kazi nyingine inayotimiza sharti hilo kwa uaminifu mkubwa hivi.

Ugumu mwingine uko kwenye mwanga wenyewe. Kutengeneza fotoni moja kwa wakati ni kazi ngumu, hivyo vifaa vingi hutumia leza iliyofifishwa mno. Ikififishwa mpaka wastani wa sehemu moja ya kumi ya fotoni kwa kila pigo, basi katika mapigo 1,000 takriban 905 huwa matupu, 90 huwa na fotoni moja, na 5 hivi huwa na fotoni mbili au zaidi. Hayo matano ndiyo ya hatari, kwa sababu mdukuzi anaweza kubaki na fotoni moja na kuipitisha nyingine. Dawa yake ni mapigo ya chambo: mtumaji huchanganya mapigo ya nguvu tofauti bila kusema yapi ni yapi, na mwishoni huangalia kama yote yamepungua njiani kwa uwiano unaotarajiwa. Mdukuzi anayechagua mapigo yenye fotoni mbili huuvuruga uwiano huo na kujulikana. Won-Young Hwang alilitoa wazo hilo mwaka 2003, wengine wakalikamilisha mwaka 2005. Upande wa mpokeaji, vigunduzi bora kabisa ni nyuzi nyembamba mno zilizopozwa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri, ili fotoni moja ikigonga mshtuko wake usikike.

Kisha kuna umbali. Uzi mzuri wa kioo hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kila kilomita. Kwa kilomita 50, fotoni moja katika kumi hufika. Kwa kilomita 100, moja katika mia. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni takriban kilomita 220 kwa barabara. Uzi ungefuata barabara hiyo bila kituo cha katikati, fotoni moja katika kila 25,000 ndiyo ingefika. Mkongo wa kawaida hutatua tatizo hilo kwa vikuza mawimbi, lakini kukuza ni aina ya kunakili, na fotoni hainakiliki. Sheria inayomzuia mdukuzi inamzuia na fundi.

Wachina waliojenga njia ya Beijing hadi Shanghai, ya kilomita 2,000 hivi, iliyozinduliwa mwaka 2017, waliweka vituo 32 vya kuaminiwa. Katika kila kituo ufunguo hufunguliwa na kufungwa upya, kwa hiyo kila jengo linahitaji ulinzi wake. Njia nyingine ni anga, kwa kuwa sehemu kubwa ya safari ya mwanga kutoka kwenye satelaiti haina hewa ya kuumeza. Satelaiti ya Micius ilirushwa Agosti 2016. Mwezi Julai 2022 ikafuata ndogo zaidi, Jinan-1, na mwaka 2024 satelaiti hiyo iliiunganisha Beijing na kituo cha Stellenbosch nchini Afrika Kusini, umbali wa zaidi ya kilomita 12,900. Upande wa Stellenbosch kazi iliongozwa na Yaseera Ismail akiwa na Francesco Petruccione. Petruccione ndiye aliyeongoza pia kazi ya awali huko Durban, ambako wakati wa Kombe la Dunia la 2010 njia ya mawasiliano kati ya uwanja wa Moses Mabhida na kituo cha usimamizi wa usalama ililindwa kwa funguo za kwantamu. Ufundi huu una miaka mingi sasa katika ardhi ya Afrika, mikononi mwa watafiti wanaofundisha vijana wa Afrika.

Ninachokiheshimu zaidi ni jinsi jamii hii ya mafundi inavyojichunguza. Jaribio la kwanza kabisa lilifanyika mwaka 1989 katika maabara ya IBM, mwanga ukisafiri kiasi cha sentimeta 32 tu. Brassard amesimulia kwamba vifaa vya umeme vilivyogeuza mwelekeo wa fotoni vilitoa sauti, na sauti ilibadilika kulingana na mwelekeo uliochaguliwa. Mtu mwenye masikio tu angeweza kusikia biti zikipita. Mwaka 2010 kundi la Vadim Makarov huko Norway lilionyesha kwamba vigunduzi vya vifaa vilivyokuwa vikiuzwa sokoni viliweza kupofushwa kwa mwanga mkali, kisha vikaongozwa na mdukuzi bila kuacha kosa lolote. Waliwataarifu watengenezaji, wakachapisha matokeo, na ulinzi mpya ukabuniwa. Hesabu ilikuwa sahihi siku zote mbili. Chombo ndicho kilichosema zaidi ya kilichoruhusiwa, na mafundi walilitangaza hilo wenyewe, kwa majina yao.

Turudi sasa kwenye makontena. Ufunguo uliokamilika hukaa katika ghala lililo jirani na kifaa cha kwantamu, ghala moja kila upande wa njia. Programu huuchukuaje? Taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, ilitoa mwaka 2019 kiwango kiitwacho GS QKD 014, na usahili wake unafurahisha. Kontena la upande mmoja huomba ufunguo kwenye ghala lake. Hupewa ufunguo pamoja na namba yake ya utambulisho. Kontena hilo hutuma namba hiyo peke yake kwa mwenzake kupitia njia ya wazi. Mwenzake huipeleka kwenye ghala la upande wake na kupewa ufunguo uleule. Kilichopita barabarani ni namba isiyo na thamani kwa yeyote asiye na ghala. Ufunguo ukishatolewa, unapaswa kufutwa ghalani ili usitumike mara ya pili.

Mahali pa kuupokea pameandaliwa tayari. WireGuard, programu ya kujenga njia salama iliyoingizwa kwenye kerneli ya Linux mwaka 2020, ina nafasi ya hiari ya ufunguo wa pamoja wa biti 256, iliyowekwa makusudi kwa ajili ya siku kompyuta za kwantamu zitakapokuja. Ufunguo wa ghalani unaingia hapo na kuchanganywa na ule wa hesabu, hivyo mdukuzi analazimika kuvunja vyote viwili. Unaweza kubadilishwa kila baada ya dakika chache bila kontena lililo ndani kujua. Kontena linalotupwa, ufunguo unaotupwa: mafundi wawili wasiofahamiana, mmoja wa maabara ya fizikia na mwingine wa vyumba vya seva, walifikia tabia moja, na ndiyo maana kazi zao zinashikana vizuri hivi.

Ufundi huu una mipaka, na anayeupenda anapaswa kuijua. Fotoni hulinda barabara iliyo kati ya vyumba viwili vya seva. Ndani ya seva makontena yote hutumia kerneli moja, na mwizi aliyeingia humo hahitaji kugusa mkongo. Kubernetes kwa kawaida huhifadhi siri zake bila kuzisimba mpaka msimamizi aiagize, kwa hiyo ufunguo uliosafiri kwa sheria za maumbile unaweza kuishia kwenye faili linalosomeka. Pia pande mbili zinahitaji njia ya kutambuana mwanzoni, la sivyo mdukuzi anaweza kujifanya mpokeaji. Kwa sababu hizo, na kwa gharama ya vifaa, vyombo vya usalama vya Marekani na Uingereza vimeshauri watumiaji wengi waelekee kwanza kwenye hesabu mpya zinazohimili kompyuta za kwantamu, ambazo taasisi ya viwango ya Marekani ilizitoa rasmi Agosti 2024. Ushauri huo una busara, na mifumo mingi ya huku kwetu itaanzia hapo. Njia ya fotoni itabaki na nafasi yake kati ya vituo vichache vyenye siri za kudumu, ambako mtu anataka ulinzi usiotegemea dhana kwamba hakuna atakayevumbua hesabu ya kasi zaidi.

Kuujifunza, hata hivyo, hakuhitaji kusubiri vifaa. Darasa la fizikia Kaengesa linaweza kuifanya BB84 kwa sarafu na daftari. Mwanafunzi mmoja awe mtumaji, arushe sarafu mara mbili kwa kila raundi, moja kwa biti na moja kwa seti, aandike kwenye karatasi na kuikunja. Wa pili awe maumbile: ndiye pekee anayeruhusiwa kuifungua karatasi. Wa tatu awe mpokeaji, arushe sarafu kuchagua seti na kumuuliza maumbile. Seti zikilingana, maumbile atoe biti ya kweli. Zisipolingana, naye arushe sarafu. Wakimaliza raundi mia moja au zaidi, wachekeche. Nusu hivi itatupwa, na iliyobaki italingana bila kosa hata moja. Kisha wamweke mwanafunzi wa nne katikati ya mtumaji na mpokeaji, apime kila raundi kwa kumuuliza maumbile, na kuandika karatasi mpya kwa alichokipata. Wamwache ajaribu ujanja wowote anaoujua wa kuchagua seti. Biti zilizochekechwa zitaanza kutofautiana, na kadiri raundi zinavyoongezeka makosa yatazidi kuikaribia robo. Mwanafunzi aliyeona robo hiyo ikijitokeza katika daftari lake ameelewa kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kutumia maisha yake kutengeneza maelfu ya biti ili abaki na chache anazoweza kuziapia.